Zeituni: nyeusi au kijani, nianze na zipi?

bi_mchachu:
Wakuu habari za jioni. Juzi nimekula zeituni mara ya kwanza kwenye pizza, zile nyeusi zilizokatwa pete pete, mbona hazina ladha, yani kama unatafuna mpira. Nikaenda supamaketi nikachukua kichupa cha za kijani zenye kipande chekundu katikati, hizo nazo chumvi mpaka ulimi ukafa ganzi. Shoga yangu yuko Muscat ye ananicheka tu eti sijala zeituni bado. Kwani nyeusi na kijani ni miti tofauti? Na mtu asiyezoea aanze na zipi?

jiko_la_meli:
Dada rangi isikuchanganye, mti mmoja unatoa zote. Ya kijani imechumwa changa, ukiiacha inageuka zambarau halafu nyeusi. Ila kuchuma na kula hapo hapo sahau, mi nilikua Ugiriki jikoni wenzangu wakaniambia onja hii ya mtini tamu kweli, nilitema mate robo saa wao wako chini wanacheka. Ule uchungu unatolewa kwa kuloweka kwenye maji ya chumvi, miezi hiyo, au wenye haraka wanatumia kostiki soda ile ile ya kutengenezea sabuni halafu wanasuuza sana.

Sasa hizo za pizza mara nyingi zimechumwa hazijaiva, zikapigwa kostiki na kupulizwa hewa mpaka zikawa nyeusi, kisha wanatia madini ya chuma rangi isitoke. Geuza kopo utafute E579, ndio namba ya hayo madini. Utamu wote umeoshwa humo.

Tafuta zeituni aina ya Kalamata, za Ugiriki. Rangi ya biringanya, imechongoka kwenye ncha, ina siki siki na utamu wa tunda kwa mbali. Na mkate na jibini nyeupe ya chumvi mi sihitaji chakula kingine.

Mwana_wa_Ghuba:
Kalamata kwa anayeanza naona kali kidogo mkuu. Bi mchachu anza na Castelvetrano za Sisili, kijani cha kuwaka utadhani zimepakwa rangi, uchungu karibu hamna, nyama yake nene na ladha kama siagi. Bei yake imesimama lakini. Huku Muscat tunapimiwa kwa kilo, unaonja kwanza, na mi kipenzi changu ni zile za Wapalestina zinapondwa kwa jiwe kidogo zikiwa mbichi kisha zinalowekwa na ndimu na pilipili, ukila unakumbuka embe bichi la chumvi nje ya geti la shule. Za Moroko zilizokaushwa kwa chumvi zimejikunja kama zabibu kavu, hizo waachie waliozoea, ziko na uchungu na mafuta mengi.

kamau_wa_nyeri:
Nyinyi mnaenda mbali, huku kwetu mzeituni wa porini upo tele, mutamaiyu. Tunda ni kadogo kokwa tupu, hakuna mtu anakula, ndege ndio wanafaidi. Wamaasai wanauita oloirien, wanachoma kijiti wanasugulia ndani ya kibuyu cha maziwa, hiyo harufu ya moshi ndio utamu wenyewe.

Hizo zako za kichupa pengine ni Manzanilla za Uhispania, si mbaya, shida ni maji yake. Mwaga, loweka maji baridi saa moja hivi, chuja, tia mafuta na kitunguu saumu ulale nazo. Ukipenda kubwa kubwa tafuta Gordal, na kama unapenda njugu kuna Arbequina, kadogo sana lakini ladha yake iko karibu na hiyo.

bi_mchachu:
Nimerudi jamani. Nimeloweka kama Kamau alivyosema, ila badala ya kitunguu saumu nimetia ndimu na pilipili mbuzi nikiiga za huyo wa Muscat. Baba watoto aliyesema hawezi kula matunda ya chumvi kamaliza, zimebaki sita, nimezificha nyuma ya maziwa. Na nimepita pale kwa pizza nikaomba kuona kopo. E579 ipo, herufi ndogoo kama za mkataba wa mkopo.