Nyumba ya Bi Mkubwa 🏠 (safari ya paka wetu Sharubu kung'olewa meno)

*Alkhamisi*

*Zuhura:* Assalam alaykum wote. Ndo kwanza natoka kwa daktari na Sharubu, nawaandikia hapa hapa nje ili nisisahau. Meno mabovu jamani, mabovu kweli. Ufizi wa nyuma umevimba ukiugusa tu damu, na jino moja la chini limeliwa mpaka mzizi unaonekana. Daktari kasema yang'olewe, na si kazi ya kumshika tu, alazwe usingizi kamili

*Halati Mwanaisha:* Waalaykum salaam. Maskini. Ndo maana nilipokuja Zanzibar nlimuona anamchukua kibua, anamtafuna upande mmoja halafu anamwacha, nikadhani ameshiba

*Ami Said:* Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu huyo ana sukari, atauhimili usingizi? Mie nilipotaka kung'oa gego langu walinirudisha nyumbani mpaka sukari ishuke. Kwa nini asiachiwe meno yake akapewa vilaini

*Zuhura:* Ami hilo ndo swali langu la mwanzo na mie. Kasema kwa Sharubu hayo meno ndo yanayoizuia sukari kushuka. Ule uvimbe na usaha mdomoni unaufanya mwili usiisikie insulini, ndo maana tunachoma asubuhi tunachoma jioni na tukipima bado 18, mara 20. Sasa tukisema tungoje ishuke kwanza tutangoja mpaka lini na usaha umo mdomoni mle mle

*Da Raya Wete:* Kweli hiyo, hata wodini tunaiona, mtu wa sukari akiwa na kidonda chenye usaha unampa dawa na sukari haikamatiki, kidonda kikisafishwa inaanza kutii. Lakini Zuhura wamempima ketoni, ile sumu mwili unayoitengeneza insulini ikipungua? Kama zipo wasimlaze kwanza, hiyo ni hatari nyengine

*Zuhura:* Mkojo wanautaka kesho asubuhi da Raya. Damu wameshachukua, wanaangalia figo, ini na potasiamu. Moyo kasikiliza sana, kasema kuna paka misuli ya moyo inanenepa na kwa nje yuko mzima anaruka ukuta, unakuja kujua keshalazwa

*Nassor:* huo mkojo wa paka mtaukingaje lakini

*Zuhura:* Natoa mchanga wote kwenye beseni lake natia vikokoto vilooshwa vikakaushwa, havinywi mkojo. Akishakojoa nauvuta kwa bomba la sindano bila ya sindano yake. Vile vikokoto vya tangi lako la samaki la zamani bado unavyo?

*Nassor:* vipo uvunguni ntaviosha leo leo

*Jumamosi*

*Zuhura:* Majibu. Figo nzuri alhamdulillah. Ketoni hamna. Ila daktari wetu mashine ya picha za meno hana na hataki kung'oa bila ya picha, anasema paka jino linaweza kuwa zuri juu huku chini ya ufizi limeliwa lote, na ukikata kikabaki kipande cha mzizi kinaoza mle mle ndani. Katuandikia kwa mwenzake Dar, na karatasi za kusafiri nae atatutengenezea yeye. Wametupa Jumatano saa mbili asubuhi, wa kwanza kabisa

*Ami Said:* Na gharama?

*Zuhura:* Si ndogo Ami. Mie na Salma tumeshakubaliana tutachangia, nyie tunaomba dua tu na Halati atupe pa kulala

*Halati Mwanaisha:* Chumba kipo mwanangu ushindwe wewe. Lakini kwa nini msipande boti ya asubuhi ile ile Jumatano mkafika mkaenda moja kwa moja? Mtalala nini

*Zuhura:* Halati huyu lazim awe wa kwanza mezani. Akiwekwa mchana atakaa na njaa masaa mengi na sukari itayumba, na akilazwa asubuhi wanapata mchana mzima wa kumtazama akiamka. Sasa boti ya saa moja ukifika pale bandarini, foleni, gari mpaka kwa daktari, saa mbili ishapita. Na bahari ikichafuka atapike kabla ya operesheni itakuwaje. Tunakuja Jumanne alasiri alale atulie

*Salma:* Bibi hapa ananambia niandike. Anasema usiku wa Jumanne apewe boflo na maziwa ashibe maana kesho yake hatokula

*Zuhura:* Bibi nakubusu mikono, lakini boflo hapana, hata siku za kawaida tumeliacha. Mkate ukifika tumboni ni sukari, na paka kaumbwa kwa nyama na samaki. Usiku huo anakula chakula chake cha sikuzote, samaki wa kuchemsha hana chumvi hana kitunguu, na anachoma dozi yake nzima ya jioni. Baada ya hapo chombo kinaondoshwa, maji yanabaki

*Da Raya Wete:* Na asubuhi hakuna kuchoma. Mtu hajala halafu umchome insulini, sukari inaanguka anakwenda na maji

*Zuhura:* Da Raya hapo daktari kanieleza vyengine na nimemrudisha mara mbili tatu mpaka nikafahamu. Asiyekula ukimpa dozi nzima ndo inamuangusha, hapo uko sawa kabisa. Lakini ukiiacha yote, na ile hofu ya safari na maumivu, sukari inapanda juu kabisa na mwili unaanza kutengeneza hizo hizo ketoni ulizoniuliza. Kwa hiyo kwa Sharubu kasema saa 11 alfajiri tupime sukari kwa tone la damu ya sikioni, tumpe chakula kijiko kimoja tu, tuchome NUSU. Na nusu yenyewe ni kama kipimo kiko juu. Tukikuta kiko chini hatuchomi kitu tunampigia simu. Hii ni ya Sharubu, mwenye paka wake akaulize ya kwake

*Ami Said:* Ndivyo wananifanyia mie Ramadhani, dozi ya daku wananipunguzia hawaikati. Basi nimefahamu sasa. Insulini kama mkipungukiwa huko chukueni kwangu nnayo chupa nzima kwenye friji

*Zuhura:* Ahsante Ami lakini yako ni ile ya kuchanganya inayofanya kazi kwa haraka mwanzo, yake ni glajini, inakwenda asteaste. Hazibadilishwi. Na kuna jengine hili naomba Salma ulishike maana wewe ndo utaemshika Jumatano. Dar wanaweza kuwa na insulini ya wanyama, ile mililita moja ina yuniti 40. Yetu ina 100. Kila moja na bomba lake. Ukiivuta hii yetu kwa bomba la ile ya 40 utampa mara mbili na nusu ya dozi yake bila ya kujua, vistari unaviona sawa kumbe dawa iliyoingia siyo. Mabomba yetu tunakwenda nayo wenyewe, hatuazimi

*Salma:* Nimeshika. Nshayafunga na karatasi yake

*Halati Mwanaisha:* Na maumivu jamani mpaka Jumatano? Si mumpe japo robo ya Panadol aliwazike

*Zuhura:* HALATI HAPANA tafadhali. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inaharibika haibebi tena hewa, ufizi unakuwa wa kijivu anakufa kwa mateso. Brufen na diklofenaki na zenyewe usimguse nazo. Dawa ya maumivu ya paka anayo daktari wa paka basi

*Halati Mwanaisha:* Subhanallah. Sikujua wallahi. Hapa nina jirani anampa wake, namwambia sasa hivi

*Salma:* Na ile sindano ya kushusha uvimbe waliyompa paka wa kina Mwajuma?

*Zuhura:* Ile ni deksa, ni steroidi, inashusha uvimbe lakini inaipandisha sukari. Nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili ANA SUKARI, ASICHOMWE STEROIDI BILA KUTUULIZA. Daktari wa Dar anajua lakini faili linashikwa na wengi

*Jumanne*

*Nassor:* tumeshafika bandarini Malindi. umeme ulikatika tokea usiku insulini nimeitia kwenye chupa ya chai na barafu

*Da Raya Wete:* Isigusane na barafu Nassor!! Ikiganda imekufa hiyo hata ikiyeyuka

*Nassor:* haigusani da Raya, nimeifunga kitambaa cha kanga mara tatu na barafu imo kwenye mfuko wake peke yake chini

*Zuhura:* Sharubu ndani ya kiboksi chake kimya. Nimemtandikia shati langu la ndani lina harufu ya nyumbani na juu nimemfunika kanga asione watu. Asali ninayo mkobani

*Ami Said:* Asali ya nini tena

*Zuhura:* Sukari ikianguka njiani Ami. Akianza kuyumba, akilegea au kutetemeka unampaka asali kwenye ufizi kwa kidole, humtilii kooni maana atapaliwa, halafu unakimbia kwa daktari

*Ami Said:* Mungu awafikishe salama

*Jumatano*

*Zuhura:* Saa 11 na dakika chache. 16.1. Salma kamshika mie nikampasha moto sikio kwa soksi ya mchele wa moto mpaka ule mshipa wa ukingoni ukaonekana, tone likatoka mara moja. Kijiko kimoja kala, nusu dozi imeingia

*Da Raya Wete:* Mashaallah. 16 asubuhi ya hofu kama hiyo si mbaya

*Zuhura:* Tumemkabidhi. Kabla ya kusaini nimewauliza mambo yangu yote. Nani anaetazama usingizi, wakasema kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, hagusi meno. Watampima sukari kila nusu saa. Dripu inawekwa kabla ya kulala. Na watatia mpira kwenye koo la hewa ili yale maji ya kusafishia na damu visishuke mapafuni. Daktari hakukasirika hata kidogo kuulizwa, kajibu moja moja

*Halati Mwanaisha:* Nimemtolea sadaka hapa asubuhi

*Salma:* Bibi kapiga simu mara ngapi sijui, nimemwambia ikitoka habari inaanza kwake

*Zuhura:* Daktari katoka. KAAMKA. Ameng'olewa sita, mawili kati ya hayo kwa macho tulikuwa tunayaona mazima, picha ndo imeyafichua, mizizi imeliwa imebaki kama sifongo. Katikati ya operesheni sukari ikaanza kushuka, 9, halafu 6.2, wakamtilia dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye dripu kabla haijafika pabaya ikasimama. Uzi ni wa kuyeyuka, hatuna haja ya kurudi kutolewa

*Da Raya Wete:* Alhamdulillah. Hiyo 6.2 ingekuwa hawapimi ndo ingekuwa mtihani, maana aliyelala hayumbi hatetemeki, hutomjua

*Ami Said:* Alhamdulillah rabbil alamin. Bibi yenu analia huku kwa furaha. Mchango wangu natuma jioni mwanangu, na usinirejeshee

*Zuhura:* Ahsante sana Ami wangu 🙏🏽 Tumerudi kwa Halati. Anayumba kidogo ni usingizi, tumepima ni 12. Halati kamchemshia nguru kamponda na supu yake mpaka laini, kala kama nusu ya chakula chake

*Halati Mwanaisha:* Kaja mwenyewe mpaka jikoni! Mdomo umevimba na kaja

*Zuhura:* Kwa hiyo jioni hii nusu chakula nusu dozi, ndivyo alivyoelekeza. Angekuwa hajagusa kitu tungepiga simu kwanza. Na asipokula mpaka kesho jioni tunamrudisha, paka hakai na njaa, ini linajaa mafuta

*Jumapili*

*Zuhura:* Tuko nyumbani. Leo asubuhi 11.4 kwa dozi ile ile iliyokuwa inatupa 18 na 20. Sasa nisikilizeni wote mnaoingia humu ndani. Usaha umetoka kwa hiyo mwili utaanza kuisikia insulini, na dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kwake wiki hizi. Hatari yetu sasa ni kuanguka si kupanda. Hakuna kuchoma bila ya kupima, hata kama una haraka. Tukikuta chini ya 8 hachomwi mpaka niongee na daktari, na kila kipimo kinaandikwa kwenye daftari lililo juu ya friji, saa, namba, kala kiasi gani, na nani kachoma, maana humu tuko wengi na mmoja akichoma na mwengine akachoma tena tumemmaliza

*Nassor:* jioni zamu yangu. nikikuta sijui nifanye nini nampigia nani wewe uko kazini

*Zuhura:* Da Raya, halafu daktari, namba zote nimezibandika kwenye mlango wa friji. Samaki wake keshaondoshwa miba yuko bakuli la bluu. Chakula kikavu usimpe mpaka ufizi ufunge

*Nassor:* sawa. saa 12 napima naweka picha ya mashine humu