Mgombea anayesoma hotuba ya kuandikiwa: tumpe kura yeye au mwandishi wake?

Msomi wa Barazani: Wakuu, salaam. Ile hotuba ya Obama ya New Hampshire, Januari 2008, ya "ndiyo, tunaweza", aliisuka pamoja na Jon Favreau, kijana wa miaka 20 na ushee. Rais Kennedy naye alikuwa na mwandishi wake wa hotuba, Sorensen. Watu wanaita utapeli, mimi sioni. Athens ya kale, Ugiriki, mshtakiwa kwa kawaida alijisemea mwenyewe mahakamani, kwa hiyo aliyejiona hana ulimi alimlipa mwandishi wa hotuba kama Lysias, akaandikiwa, akakariri. Na Lysias mwenyewe alikuwa mgeni pale, hana uraia. Kuna mlemavu alikuwa karibu kukatiwa posho yake ya oboli 1 (sarafu ndogo ya huko) kwa siku eti kaonekana juu ya farasi. Lysias akamtilia maneno: wenzangu wana fimbo moja, mimi mbili, basi semeni na fimbo ya pili ni ushahidi kwamba mimi mzima! Hapo nani katapeliwa?

Kijiwe Nongwa: Yule aliomba posho, mgombea anaomba nchi nzima. Usichanganye. Halafu hotuba yenyewe mnayoisifia ilitolewa usiku ambao Hillary Clinton kamshinda palepale New Hampshire. Utamu wote ule, kura kapata mwingine.

Binti Kisauni: Obama mwache, tafadhali. Novemba alishinda nani? Kusema ni kazi ya kujifunza. Demosthenes, yule msemaji mashuhuri wa Athens ya kale, alikuwa na kigugumizi, akaweka kokoto mdomoni, akapigia mawimbi kelele mpaka ulimi ukanyooka. Asiyetaka kuhangaika hivyo akae nyumbani, asigombee.

Fundi Saa: Dada, hiyo "akae nyumbani" umeniambia mimi. Nina kigugumizi tangu nizaliwe. Darasa la 5 mwalimu mmoja alikuwa na hadithi yako hiyohiyo. Akaokota kokoto 3 uwanjani, akazifuta kwenye suruali, akaniambia nisome nazo shairi mbele ya darasa. Moja nilimeza. Kigugumizi kipo mpaka leo, na Biden aliyekua nacho kaingia Ikulu 2020. Tena aliyetuletea habari ya kokoto ni Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa maisha ya watu maarufu, kaandika karne 4 baada ya Demosthenes kufa.

Kijiwe Nongwa: Biden kaapishwa 2021.

Fundi Saa: Kachaguliwa 2020. Kunywa maji.

Mzee Nahodha: Plutarch hakuokota barabarani, wanangu. Anasema kaipata kwa Demetrius wa Phalerum, aliyeishi zama za Demosthenes, na Demetrius aliambiwa na Demosthenes mwenyewe uzeeni. Plutarch anataja pia Demosthenes kunyoa nusu ya kichwa, ili aone haya kutoka nje, abaki kwenye chumba chake cha chini ya ardhi anafanya mazoezi.

Fundi Saa: Mzee, shikamoo. Mwanasiasa mstaafu anajisimulia alivyohangaika ujanani, na sisi tunaandika kama ilivyo?

Binti Kisauni: 😂 Hapo umempata. Lakini kaka, sikukulenga wewe, nilisema wagombea.

Fundi Saa: Na mimi nikigombea udiwani?

Binti Kisauni: Utaandikiwa na Msomi.

Msomi wa Barazani: Jamani, mada. Mwaka 427 kabla ya Kristo Waathene walipiga kura wanaume wote wa Mytilene, mji ulioasi dhidi yao, wauawe. Kesho yake wakakutana tena. Cleon, mwanasiasa aliyetaka wauawe, akasimama kuwasuta: mmekuwa watazamaji wa maneno, mnakuja kusikiliza hotuba kama mnaokwenda kwenye ngoma. Na kuwasuta kwenyewe kulikuwa hotuba, nzuri kupita kiasi! Akajibiwa na Mwathene mwenzake, Diodotus, kwa hesabu kavu tu ya faida na hasara, wala hakuomba huruma. Kura zikageuka kwa tofauti ndogo, meli ya pili, yenye amri ya kuwaacha, ikawahi kabla ile ya kwanza haijatimiza amri ya kuua. Bila mtu wa kusema vizuri, watu wale wangekufa.

Kijiwe Nongwa: Na bila mtu wa kusema vizuri siku ya kwanza, isingepigwa kura ya kuwaua. Ni Cleon yuleyule. Umejifunga bao.

Mzee Nahodha: Zaidi ya 1,000 waliuawa hata hivyo, wale walioonekana vinara. Kwa hoja ya Cleon.

Msomi wa Barazani: Sijajifunga. Nilisema kuandikiwa si dhambi, sikusema kila hotuba ni njema.

Kijiwe Nongwa: Ulisema "nani katapeliwa". Panda juu usome.

Fundi Saa: Dada wa Kisauni hajajibu. Udiwani ningepata kura yako?

Binti Kisauni: Kwanza kata gani?