Naomba ushauri: kampuni ipi ya meli za kitalii, MSC, Royal Caribbean au Carnival, kwa safari ya wazazi?

Habari zenu wapendwa. Niko Kampala. Wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, na sisi watoto tumechanga tuwapeleke wiki moja kwenye meli ya kitalii. Mama anapenda maji mno. Tukivuka Ziwa Victoria kwa feri kwenda Kalangala kutoka Nakiwogo, hakai ndani hata kidogo. Hushika reli, kitambaa kichwani, mpaka tunapofika bandari ya Lutoboka.

Moyo wangu uko kwa MSC, Bahari ya Mediterania. Chumba cha ndani kisicho na dirisha huwa na bei nafuu. Ila abiria wanatoka nchi nyingi za Ulaya na matangazo husomwa kwa lugha kadhaa, na Baba hapendi kelele za spika. Halafu kuna viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: meli ikipitia Tunisia, ambayo haimo kwenye nchi hizo, lazima viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Carnival ni ya Wamarekani wapenda muziki na sherehe. Royal Caribbean wana meli ya Icon of the Seas, inayobeba abiria hadi 7,600. Wazee wa miaka sabini wataumudu umati huo?

Kinachonitia hofu zaidi ni malipo ya ziada juu ya tiketi: bakshishi ya kila siku kwa kila mtu, vinywaji, intaneti, matembezi ya bandarini. Mliosafiri, bili ya mwisho ilipanda kiasi gani? Na pale meli inapotia nanga mbali na gati, wahudumu huwashika wazee mkono kuingia boti ndogo ya kuwapeleka nchi kavu? Goti la Mama linasumbua.