Naombeni ushauri: nataka fedha za serikali nitafiti mikopo ya asilimia 10. Je, nitaachwa niandike nilichokikuta?

BintiMakambako

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha umma, nasoma shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ni kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Nataka kujua kwa nini vikundi vinavunjika baada ya kupokea hela.

Wazo nililipata kwenye daftari. Mtaani kwa mama yangu mdogo kuna akina mama wanaoshona sare za shule. Walikopeshwa, wakanunua vyerehani vinne. Mhazini wao alinifungulia daftari la marejesho. Januari hadi Aprili kila safu imejaa, kalamu ya bluu. Mei patupu. Sare zinashonwa kwa wingi Desemba na Januari, Mei nani anashonesha? Lakini mkataba wao ulitaka rejesho la kila mwezi, kiasi kilekile. Pembeni mtu ameandika kwa penseli: "tumuombe afisa atusubiri". Agosti cherehani cha kwanza kiliuzwa.

Nimeomba fedha za utafiti za serikali mara mbili, nimekosa. Nikaambiwa vipaumbele ni kilimo, afya na teknolojia. Safari hii mtu mmoja kanishauri nigeuze andiko liwe "mfumo wa kidijitali wa kufuatilia marejesho", eti litapita. Je, nigeuze? Na serikali ikinilipa nichunguze sera yake, itakubali niandike pale iliposhindwa?

MzeeWaKitivo

Marahaba binti. Swali usiliguse, badili namna ya kuliombea.

Mfuko wa serikali unaosimamiwa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, unaitwa MTUSATE (Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia), nao uko kwa ajili ya sayansi na teknolojia. Ni jina lake hilo, na Tume yenyewe iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986 kwa kazi hiyo. Sisi wa biashara na sayansi za jamii tunaingia pale andiko linapoonyesha uamuzi gani wa serikali unasubiri jibu letu. Nimepitia maandiko mengi ya vijana. Mengi yanaeleza tatizo vizuri sana, kisha hayasemi ni kifungu gani cha sera kitaandikwa upya utafiti ukiisha.

Wewe uamuzi huo unao mkononi. Aprili 2023 Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mikopo hiyo inasitishwa kwanza. Iliporudi 2024, halmashauri kumi zilipangiwa kujaribu kukopesha kupitia benki, nyingine ziendelee na kamati zake. Linganisha! Vikundi vya washonaji chini ya benki na vya washonaji wenzao chini ya kamati, marejesho ya miezi mikavu yanakwendaje? Hakuna mtu wizarani atakayesema hilo halimhusu.

Na gusa Sera ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo. Ni ya 2003. Inahesabu biashara ndogo kabisa kuwa yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Milioni 5 za 2003 zilinunua vyerehani vingapi, na leo vingapi? Aya moja ya hivyo ina uzito kuliko kurasa kumi za nadharia.

Kidato_Kimoja

Dada, mimi niligeuza. Nilipata hela. Nikatumia miaka miwili kutengeneza programu ambayo sikuitaka, na swali nililoanza nalo hadi leo sijalijibu. Usifanye.

Jirani_wa_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Huku mfuko wa taifa wa utafiti uliundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, nayo inataka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe mfuko huo. Hatujafika hata karibu, kwa hivyo usidhani ni nyinyi pekee.

Ila takwimu zikiwa za umma zinasaidia wengi. Uchunguzi wa KNBS, shirika letu la takwimu, wa 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati milioni 7.4, na takriban milioni 5.85 kati yake hazina leseni. Tangu hapo, ukimwandikia mbunge kuhusu leseni unaanza na nambari hizo. Weka kwenye andiko kwamba data yako utaiachia umma.

AfisaJamii_Wilayani

Dada yangu, nazungumza kama mtu anayepokea barua zenu. Anza na ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka zinataja mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, na ni nyaraka za wazi. Ukinukuu humo, huna haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kusema fedha hazikurudi.

Halafu kibali cha Makamu Mkuu wa Chuo, barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani na kwa Mkurugenzi. Usiruke ngazi. Ukija kwangu moja kwa moja nitakupenda, lakini faili sitaweza kukufungulia.

Mtafiti_Huru

Uhuru wako unaulinda kabla ya kusaini. Soma mkataba: data ni ya nani, nani anaruhusu kuchapisha, wakisoma rasimu wana siku ngapi za kutoa maoni. Pasipo na ukomo wa siku, omba uwekwe kwa maandishi. Sheria ya Takwimu iliporekebishwa 2018, ikabana utangazaji wa takwimu zinazopinga za serikali, wengi tuliogopa hata kutaja namba zetu. Ilirekebishwa tena 2019 ikalegezwa, lakini woga umebaki kwa watu, nao wanajizuia wenyewe kabla hawajazuiwa.

BintiMakambako

Asanteni sana, nimesoma kila jibu mara mbili. Sigeuzi. Naandika upya kwa kulinganisha benki na kamati, na kesho naenda kumwomba mhazini ruhusa ya kutumia daftari bila majina yao. AfisaJamii, kaka yangu, barua niilete lini?

AfisaJamii_Wilayani

Njoo na nakala mbili, moja inabaki masjala. Juni usije, tunafunga mwaka wa fedha.