Ushauri: wimbo wa opera kwenye filamu fupi ya ndoa za utotoni (Tabora)

Mwana_Urambo
Wakuu, salaam. Tuna filamu ya dakika 9: binti wa darasa la saba anatolewa shule aolewe, mahari imeshapokelewa. Sini ya mwisho yuko peke yake ndani ya bani la tumbaku (banda la kukaushia majani), dakika 1 na sekunde 40, hakuna anayeongea. Tunataka kuweka "O mio babbino caro" ya Puccini kwa sababu anamwimbia baba yake. Itaonyeshwa vijijini kwa projekta na jenereta, halafu YouTube, na kuna tamasha la Ulaya tunalituma. Tuko sawa? Na muziki tuuwekeje usimeze maneno kwenye sini inayotangulia?

Nota_za_Kwaya
Mkuu, wimbo huo utoe leo hii. Lauretta, binti anayeuimba kwenye opera, anamwomba baba yake amruhusu AOLEWE. Anataka kwenda mtaa wa Porta Rossa kununua pete, na akinyimwa atajitupa mto Arno. Utakuwa umembandika binti anayelilia ndoa juu ya binti anayeikimbia. Urambo hawatagundua, lakini kwenye tamasha la Ulaya wapo wanaoujua neno kwa neno.

Chukua "Lascia ch'io pianga" ya Handel, kwenye opera *Rinaldo*, London 1711. Almirena ametekwa, anaomba aachwe alilie majaliwa yake makali na kuutamani uhuru. Hapo maneno na picha vinavuta upande mmoja. Halafu sikiliza ulivyojengwa: anaimba maneno machache, ananyamaza, anaendelea. Kata picha kwenye vile vituo. Mkono kwenye majani, kimya, uso. Ukikata katikati ya silabi iliyovutwa, mtazamaji atahisi picha imeruka hata kama yeye hajui muziki.

Mzima unapita dakika 4, na sehemu ya tatu ni marudio ya ya kwanza. Tumia ya kwanza peke yake, uruke utangulizi wa ala, utakaribia urefu wako. Tafsiri ya Kiswahili iandike chini ya picha mara moja tu, maneno yanajirudia.

Hakimiliki_Kwanza
Naongeza sababu ya pili ya kumwacha Puccini. Yeye alifariki 1924, watu wakaona basi ni bure. Maneno ya wimbo ule ni ya Giovacchino Forzano, aliyefariki 1970. Umoja wa Ulaya unahesabu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kule yanalindwa hadi mwisho wa 2040. Handel alifariki 1759, hapo hakuna mjadala.

Ila wimbo kuwa huru hakufanyi rekodi kuwa huru! Rekodi ya mwimbaji wa juzi ina mwenyewe, hata kama utunzi ni wa 1711. Kuipakua YouTube na kuibandika ndiko kunakoangusha filamu nyingi fupi.

Fundi_Spika
Kuhusu sauti. Mwimbaji wa opera aliyefundwa, hasa mwanamume, hukusanya nguvu karibu na hezi 3,000, ndiyo maana anasikika juu ya okestra nzima bila maiki. Konsonanti za maongezi nazo zinategemea eneo hilohilo, hezi 2,000 hadi 4,000. Ukiweka uimbaji chini ya mazungumzo vitagombana, na kushusha sauti peke yake hakusaidii. Penye maongezi weka ala tupu, desibeli 18 hadi 20 chini ya maneno, na kwenye ikwalaiza (kirekebisha sauti nzito na nyembamba) punguza desibeli 3 au 4 hapo kwenye 3,000. Mwimbaji aingie mtu wa mwisho akishamaliza kusema.

Vilele vya maongezi kwenye mita ya sauti viwe kati ya desibeli -12 na -6. Jaribu filamu nje, jenereta ikiwa inanguruma, maana mngurumo unafunika besi na ala laini za nyuzi hazitasikika kabisa.

Mwana_Urambo
Nimewaelewa, asanteni sana. Je, dada wa kwaya anayeimba sauti ya kwanza anaweza kuturekodia?

Nota_za_Kwaya
Anaweza, na ndiyo njia bora. Nota zipo bure IMSLP (tovuti ya nota za muziki), mwalimu wa kwaya azigeuze kuwa solfa (do, re, mi). Ki (kimo cha wimbo) ya F ikimbana, shusheni hadi E. Asainishwe karatasi ya ruhusa kabla ya kurekodi.

Tena, mapema kwenye filamu, binti akishona majani kwenye fito, avumishe mdomo umefungwa mstari wa kwanza wa wimbo huo, sekunde 10 tu. Opera itakapoingia, masikio ya kijijini yatakuwa yanaujua, hawataicheka ile sauti inayotetema.

Fundi_Spika
Maiki iwe mita 1 hadi 1.5 kutoka kwake, sio sentimita 20 kama bongofleva. Kipimo cha sauti mseti kwa nota ya juu kabisa, isipite desibeli -10; mkiseti kwa mstari wa kwanza, huko juu itapasuka na hairekebishiki. Chumba chenye saruji tupu kitundikeni mablanketi pande mbili. Na kama juu ni bati, msirekodi wakati wa mvua wala saa saba mchana, bati likipata joto linalia, na mlio wake utaingia kwenye vile vituo vya kimya mnavyovitegemea.

Hakimiliki_Kwanza
Faili ghafi na hiyo karatasi vitunzeni. Mashine ya YouTube hufananisha rekodi mpya na ya mtu mwingine. Dai la hakimiliki likija, pingeni kwa kueleza utunzi ni wa 1711 na rekodi ni yenu.