Ametoa TUPA. Jamani, tupa!

Mnamjua, simtaji. Yule muuza vifaa vya kompyuta wa ngazi za giza, mwenye feni inayolia kama punda wa Mji wa Kale. Kama hujawahi kudhulumiwa naye, wewe si mtu wa Mombasa.

Mie natoka Likoni. Nimevuka feri na jua la saa saba, CPU (kasha zima la kompyuta) begani kama gunia la mkaa, shati lote ramani ya Afrika. Nikamwambia kwa adabu zote: kaka, bodi yangu mama ni B660, imeandikwa D4, yaani yala RAM (kumbukumbu) ya DDR4, nipe ya 16GB. Akanitolea DDR5, ya kizazi kingine. Nikamwambia siyo. Akanitazama kama nimemwomba figo. "Prosesa yako si i5-12400? Hiyo yala zote mbili. Huku pini 288, kule pini 288. Itaingia."

Haikuingia. Lile pengo la katikati ya pini halikukaa mahali pake. Akasukuma kwa kidole gumba. Akasukuma kwa kiganja, bodi ikabonyea kama chapati ya moto.

Ndipo akafungua droo, akatoa TUPA. Tupa ya kunolea panga! Eti, "Tuichonge kidogo."

Nikamshika mkono. Akawageukia wateja: "Huyu ni wale wa kusoma mitandaoni, kusukuma hajui." Kale kasichana ka shule kalikokuja kutoa kopi kakacheka hadi karatasi zikamwagika. Nikadai elfu nane na mia tano zangu. "Mali ikishafunguliwa hairudi." Nani aliyeifungua? Nani aliyekuwa na TUPA?

pweza_mkavu: Yani ulivusha CPU ukaacha akili ng'ambo? Pengo huangaliwa kabla ya kutoa pesa, baba.

chuma_cha_pwani: Kwa haki, kuhusu prosesa hakukosea. Kizazi cha 12 kinakubali DDR4 na DDR5, ila bodi ndiyo huchagua moja. Lakini ingechongwa ikaingia, DDR4 hutumia volti 1.2, DDR5 1.1, na DDR5 ina kidhibiti cha umeme juu yake yenyewe. Ungesikia harufu ya mshikaki.

mwenye uzi: Sasa wamtetea mtu mwenye tupa?

dogo_wa_bamburi: Tupa kitu gani. Mie niliuziwa i5-8400 nitie kwenye bodi ya H110. Soketi 1151, prosesa 1151, ikakaa kitako kama bi harusi. Nawasha, feni zazunguka, skrini giza. Wiki mbili nanunua nyaya! Kumbe kizazi cha 8 chataka bodi za mfululizo wa 300. Namba ile ile, ukoo mwengine.

pweza_mkavu: Wiki mbili wanunua nyaya 😂😂

shombo: Afadhali nyie. Kadi yangu ya gemu ina sentimita 30, kesi yaishia 26. Nimekata kijumba cha diski kwa msumeno, sasa kesi haifungi na paka amehamia ndani.

dogo_wa_bamburi: Kumbe yule mwenye tupa ni wewe!

shombo: Msumeno si tupa. Heshima.

mama_viazi: Swali nje ya mada. Mtu mwenye CPU begani mbona hukupita daraja la Liwatoni, lile la miguu la kuvukia kutoka Likoni?

mwenye uzi: Mama, nitembee daraja lote na mzigo ule? Na jua lile?

mama_viazi: Mie nilikuwa nikipita na ndoo ya viazi karai, sikulia mitandaoni.

pweza_mkavu: Viazi wauzia wapi, mama? Vina ukwaju?

mama_viazi: Vina ukwaju na pilipili. Njoo alasiri, upande wa Likoni.

chuma_cha_pwani: Niwekeeni vya mia.

mwenye uzi: Jamani, uzi wangu ni wa TUPA.

fundi_kimya: Hiyo DDR5 ipo bado? Nina bodi ya AM5, hiyo yala DDR5 tu, haina RAM. Nitakupa elfu sita.

mwenye uzi: Ipo. Saba.

fundi_kimya: Haijachongwa?

mwenye uzi: Nimesema nilimshika mkono!

fundi_kimya: Piga picha ya pengo.

mwenye uzi: Ina mkwaruzo mmoja. Mdogo.

dogo_wa_bamburi: TUPA ILIFIKA 😂😂😂

mwenye uzi: Elfu sita sawa.