Malazan: nimeacha kitabu cha kwanza katikati, nirudi au nitafute kingine?

msomaji_shangani
Wakuu salaam, hasa wa huku kusini. Napenda sana fantasia za vitabu vingi, hizi zenye falme na majeshi na miungu yao, na kila nikiuliza nisome nini naambiwa Malazan ya Steven Erikson. Basi nikaanza Gardens of the Moon kwenye simu, nasoma nikisubiri pantoni ya Msangamkuu na usiku umeme ukikatika, nimefika katikati nimeweka chini. Majina yanamiminika tu, mtu anatajwa kama vile tumekua naye mtaa mmoja halafu humuoni tena sura nzima, uchawi hauelezwi unatoka wapi, yaani nimesoma vita ya mji unaoitwa Pale sijui hata nimuonee nani huruma. Na viko 10! Huko mbele kunabadilika kweli? Waliorudi wakakisoma tena wanishauri.

dada_wa_lindi
Rudi kaka. Hiyo dunia Erikson na mwenzake Ian Esslemont waliibuni kwa ajili ya gemu lao, na hicho cha kwanza kilianza kama mswada wa filamu, ndo maana kinakurusha kutoka tukio hadi tukio bila kukushika mkono. Alikiandika mwanzoni mwa miaka ya 90, kikatoka 1999, cha pili Deadhouse Gates amekuja kukiandika miaka mingi baadaye na mkono umeshakomaa, utaona tofauti mapema tu. Ila usikiruke cha kwanza, maana cha tatu kinarudi kwa watu wale wale. Ukifika Darujhistan, mji wa taa za gesi za bluu, wezi wanapita juu ya mapaa na Kruppe na maneno yake mengi, ndo hadithi inatulia.

mtani_masasi
Napingana kidogo na dada. Kuandika kunakuwa bora sawa, lakini kueleza haelezi mpaka mwisho, na hicho cha pili kinakuhamishia bara lingine kabisa na watu wengi wapya. Kama kinachokukera ni hicho, utakereka vitabu vyote 10, bora ujue mapema. Kama shida ni kukosa mtu wa kumuonea huruma, hiyo inaisha.

mjukuu_wa_newala
Inaisha kwenye hicho hicho cha pili. Kuna kamanda anaitwa Coltaine anawavusha maelfu ya wakimbizi katika nchi kavu, adui kila upande, maji hakuna, na anayetuonyesha ni Duiker, mzee mwanahistoria anayetembea nao. Huku kwetu wengi tuna bibi na babu waliovuka Ruvuma kukimbia vita Msumbiji miaka ya 60, bibi yangu akisimulia hasimulii majemadari, anasimulia nani alibeba mtoto wa nani na chungu gani kiliachwa njiani. Erikson naye anaangalia huko huko chini kwa watu wanaotembea, na mimi sijasoma fantasia nyingine iliyonishika hivyo. Vumilia hicho cha kwanza kwa ajili ya hiki.

msomaji_shangani
Aisee nashukuruni sana. Kutoelezwa naweza kuvumilia, shida yangu ilikuwa hiyo nyingine. Naanza upya leo, nikifika Darujhistan naleta mrejesho.

dada_wa_lindi
Soma ile orodha ya wahusika mwanzoni kila unapopotea, mi ilinisaidia kuliko kitu chochote.